Nani anauchora mstari wa ziwa?

Wapo kati yenu wanaoikumbuka Mtera kama tarakimu. Hawajawahi kukanyaga pale mpakani mwa Dodoma na Iringa, ambako Mto Ruaha Mkuu ulizuiwa ili kuzungusha mitambo ya umeme. Lakini wakisikia jina hilo, masikio yao husubiri namba. Bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka hadi mita 690, mitambo inatakiwa kusimama. Katikati ya namba hizo mbili ndipo taifa zima lilipokuwa likiishi wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 1992, na tena mwaka 1994.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule, katika kijiji kimoja cha Geita. Nyumbani tulikuwa na redio ya betri nne, ambazo baba alizianika juani kila zilipochoka, kama mtu anayeanika mihogo. Jioni majirani walikuja kusikiliza taarifa ya habari, na ikifika habari ya Mtera watu walinyamaza. Kisha ubishi ulianza. Maji yamepanda au yameshuka? Jana walisema ngapi?

Jambo la kuchekesha ni kwamba sisi hatukuwa na umeme hata wa kukatiwa. Giza letu lilikuwa la kudumu, halikuhitaji ratiba. Kwa nini basi tulibishana? Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na jibu langu ni hili: namba ile ilitupa nafasi ya kushiriki katika mazungumzo ya serikali yetu. Mtu wa kijijini aliyekuwa na kumbukumbu nzuri aliweza kusema, "Hapana, juzi ilikuwa juu zaidi." Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika. Kesho yake namba ya jana ilikuwa imesahaulika, na kila mtu alibaki na neno lake.

Nimeikumbuka Mtera wiki hii hapa Katoro, katika kibanda cha kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na soko. Nilikuwa nimempelekea simu yangu iliyopasuka kioo. Pembeni yangu aliketi mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa. Huyu mama alikuwa na vichanja vyake vya kuanikia dagaa mwaloni, upande wa Chato. Maji ya mwaka 2020 yakavifunika. Akahamia juu, akahangaika, na sasa ufukwe wake wa zamani unaanza kuonekana tena. Watu wameshaanza kurudi, wanachimbia miti. Yeye anasita.

Kijana alipomsikia, akafungua simu yake akatuonyesha mstari. Ulikuwa mstari wa kijani kwenye uwanja mweupe, unaopanda na kushuka kama mgongo wa milima. "Hili ndilo ziwa," akasema. "Kuanzia mwaka 1992. Gusa hapa, mama." Mama akagusa. Pakatokea kijidirisha chenye tarehe na kimo cha maji siku ile. Akasogeza kidole kulia, miaka ikapita. Akatanua kwa vidole viwili, mwaka mmoja ukajaa kioo kizima, na kupanda kwa maji ya masika na kushuka kwa kiangazi kukaonekana waziwazi.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa redio: "Baba, huu mstari nani anauchora?"

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo swali la leo. Nilimjibu kwa ufupi pale kibandani. Jibu refu lina umri wa zaidi ya miaka 120.

Wakazi wa kando ya ziwa hili, ambalo wengi wetu tunaliita Nyanza, walijua tangu zamani kuwa lina tabia ya kupanda na kushuka. Walikuwa na alama zao: jiwe fulani, mti fulani, mahali ambapo bibi alichota maji. Kuandika kulianza mwaka 1896, upande wa Uganda, Waingereza walipoanza kusimamisha vipimo kando ya maji. Chombo chenyewe ni rahisi mno. Ni ubao kama rula kubwa, wenye alama za urefu, uliosimikwa majini. Mtu anakuja asubuhi, anasoma maji yamefika alama gani, anaandika kwenye daftari, anaondoka. Kesho anarudi. Asiporudi, kunabaki pengo ambalo hakuna fundi awezaye kuliziba kwa ukweli.

Kumpunguzia mtu huyo kazi, Wazungu walikuwa wameshabuni mashine. Katika miaka ya 1830, kwenye mlango wa Mto Thames nchini Uingereza, ilifungwa mashine ya kupima kupwa na kujaa kwa bahari. Boya lilielea ndani ya kisima kilichounganishwa na maji ya nje. Boya likipanda, kamba inavuta kalamu. Kalamu inagusa karatasi iliyoviringishwa kwenye pipa dogo, na pipa linazungushwa na saa. Maji yenyewe yakawa yanajiandika usiku na mchana. Mashine za ukoo huo zikaja kufungwa katika mito na maziwa ya dunia nzima. Kijana wetu mwenye simu anatumia wazo lile lile. Boya limekuwa kihisi, kamba imekuwa mawimbi ya simu, na karatasi imekuwa kioo.

Mistari ikishachorwa, huleta kishawishi chake. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, aliweka mstari wa ziwa letu pamoja na mstari wa madoa yanayoonekana juani. Mistari miwili ikafuatana kwa ajabu kwa zaidi ya miaka 20. Madoa yakiongezeka, ziwa linapanda, yakipungua, linashuka. Wengi waliamini siri ya Nyanza imepatikana, na kwamba sasa ziwa lingeweza kuaguliwa kwa kutazama jua. Kisha miaka michache baadaye mistari ile ikaachana, kila mmoja ukashika njia yake. Tulikumbuke hilo tunapotazama michoro mizuri kwenye simu. Watu wawili wakiongozana njiani si lazima wawe wanakwenda arusini pamoja.

Sasa tuje kwenye mstari wenye nguvu kuliko yote katika historia ya ziwa hili. Huu haukuchorwa na maji. Ulichorwa na serikali.

Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, ambako Mto Nile unaanza safari yake. Waingereza walipotaka kujenga bwawa la umeme pale Owen Falls, Misri ilitaka uhakika kuwa maji yake hayatachezewa. Mazungumzo ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 yalizaa makubaliano. Kabla ya bwawa, kila kimo cha ziwa kilikuwa na kiasi chake cha maji yaliyotoka: ziwa likiwa juu, maji mengi, likiwa chini, maji machache. Wahandisi wakachora uhusiano huo, wakapata mstari unaopinda. Ikakubaliwa kuwa wenye bwawa watafungulia maji kwa kuufuata mstari huo, kana kwamba bwawa halipo na maporomoko ya zamani bado yanatiririka. Mhandisi wa Misri akawekwa Jinja kushuhudia. Bwawa likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954.

Fikirini jambo hilo. Grafu ikawa mkataba wa nchi na nchi. Lakini sisi wa kusini mwa ziwa, tunaokunywa maji yake na kula samaki wake, hatukukaa mezani. Tanganyika wakati huo ilikuwa ikisemewa na Mwingereza yule yule aliyeisemea Uganda.

Haikupita miaka 10, ziwa likawaonyesha wahandisi kuwa halikusoma mkataba. Mwishoni mwa 1961 zilianza mvua kubwa, ambazo baadhi ya wazee wa Afrika Mashariki mpaka leo wanazikumbuka kama mvua za Uhuru. Kufikia Mei 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Vijiji vya pwani vilihama, magati yalizama, mashamba ya mabondeni yakawa makazi ya viboko. Hakuna kitu kama hicho kilichokuwamo katika madaftari tangu 1896. Kwa ajili hiyo, mwaka 1967 ulianzishwa mradi mkubwa wa kupima mvua, mito na maziwa ya eneo hili kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, Tanzania ikiwa mshiriki. Safari hii madaftari yalisambaa pande zote za ziwa.

Ninamfahamu mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa wasomaji wa vipimo hivyo katika miaka ya 1970. Nilimfahamu kwa aibu, na aibu hiyo lazima niisimulie.

Mwaka 2006 nilikuwa mtangazaji kijana, diploma yangu ya uandishi wa habari bado inanuka wino. Nchi ilikuwa tena gizani kwa mgawo wa umeme, na ziwa letu lilikuwa linakimbia ufuko. Mitumbwi ilikwama mchangani, magati yalibaki yananing'inia hewani. Nikaenda kwenye kibanda cha intaneti, nikapata grafu ya ziwa. Mstari ulianguka kutoka juu ya karatasi hadi chini kabisa, kama jiwe lililotupwa kwenye duara la dhahabu. Pembeni niliona kuwa kipimo cha Jinja kimeshuka chini ya mita 11. Nikakimbilia studio. Nikawatangazia watu kuwa Ziwa Victoria limebakiwa na kina cha mita 11 tu, na kwa mwendo huo watoto wetu watalivuka kwa miguu.

Kesho yake asubuhi mzee akafika kituoni kwa baiskeli, akaomba kumwona aliyesoma habari ile. Nikatoka. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Wewe umepata kupima maji?" Nikasema hapana. Akaniambia nichukue rula, niisimike kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vikombe iliyokuwa pale nje. Kisha akaichomoa, akaishika mkononi juu ya ndoo, ncha yake ikiwa imegusa maji kidogo tu. "Sasa rula inasema ngapi?" Nikasema inasema sentimeta mbili. "Na ndoo ina maji ya sentimeta mbili?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mita 11 za Jinja ni urefu juu ya alama ya sifuri ya ule ubao, mahali walipoamua kuanzia kuhesabu. Si kina cha ziwa. Kina cha Nyanza kinafika karibu mita 80 mahali penye kina kirefu zaidi.

Mzee hakunigombeza. Alinipa maswali matatu ya kumwuliza mchoro wowote, nami nawapeni leo bila malipo. La kwanza: sifuri yako iko wapi? La pili: umeanza kuhesabu lini? Maana grafu yangu ilianzia miaka ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, maji yalipokuwa juu sana, kwa hiyo lazima ingeonekana inaanguka. La tatu: ngazi yako ina vipandio vya ukubwa gani? Ukitanua vipandio, kushuka kwa sentimeta kumi kutaonekana kama maporomoko. Ukivibana, mafuriko yatafanana na uwanja wa mpira. Mchoro ni ule ule, maji ni yale yale. Aliyebadilika ni mpimaji wa vipandio.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, sikuwa nimekosea kila kitu. Ziwa lilikuwa limeshuka kweli, hadi kimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1923. Na hapa ndipo mstari ulipofanya kazi kubwa kuliko ya kunitia aibu.

Uganda ilikuwa imeongeza kituo cha pili cha umeme pale Jinja, kilichoanza kazi mwaka 2000. Ziwa lilipoanza kushuka, maelezo yaliyotolewa yalikuwa ukame. Ukame ulikuwapo kweli. Nani angebisha? Wenye daftari la Jinja walikuwa ndio wenye bwawa. Sisi wa Mwanza, Geita, Musoma na Bukoba tulikuwa kama wanakijiji wa Mtera: tunasikia namba, hatuna pa kuilinganishia.

Lakini kulikuwa na mpimaji mwingine ambaye hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mwezi Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iliyoitwa TOPEX/Poseidon. Ilitengenezwa kupima bahari, ikizunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 1,336, na kurudia njia ile ile kila baada ya siku 10 hivi. Kazi yake ni kama ya mtu anayepiga kelele kwenye mlima na kusubiri mwangwi. Inatuma mawimbi ya rada chini, yanagonga uso wa maji, yanarudi. Safari nzima inachukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa kupima muda huo kwa makini, na kwa kujua setilaiti iko wapi, wataalamu wanapata kimo cha maji kwa makosa ya sentimeta chache. Ziwa letu ni kubwa kiasi kwamba chombo cha baharini kililiona nalo. Setilaiti nyingine zimeipokea kazi hiyo mmoja baada ya mwingine, zikiwamo zilizorushwa mwaka 2020 na 2022. Mstari wa kijani aliouonyesha yule kijana wa Katoro unaanzia hapo, 1992.

Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa imeanza mwaka 2003 kuweka michoro ya maziwa ya dunia kwenye intaneti, ili kufuatilia ukame na mazao. Mwaka 2005 ikatoa taarifa kuhusu kushuka kwa Ziwa Victoria. Mwezi Februari 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, akatoa ripoti yake. Aliuweka mstari wa ziwa lilivyokuwa kando ya mstari wa ziwa ambavyo lingekuwa kama bwawa lingefuata ule mchoro wa makubaliano. Mistari miwili haikulala pamoja. Hesabu yake ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya kushuka kwa miaka ya 2004 na 2005 kulitokana na maji yaliyofunguliwa kupita kiasi cha mkataba. Ukame ulichukua sehemu iliyobaki.

Simwandami jirani. Uganda ilikuwa na njaa ya umeme, na sisi wenyewe tuliwahi kuikamua Mtera mpaka karibu na tope. Mwenye kiu hapimi maji kwa kijiko. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa nje ya chumba cha wenye bwawa aliweza kuwauliza kwa ushahidi. Wakulima, wavuvi, magazeti ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wote walikuwa na mstari mmoja wa kunyooshea kidole. Yule mtu wa kijijini kwetu aliyesema "juzi ilikuwa juu zaidi" sasa alikuwa na daftari.

Hiyo ndiyo maana ya jibu langu kwa mama wa dagaa. Mstari huu, mama, unachorwa na wengi. Unachorwa na msomaji wa asubuhi na daftari lake. Unachorwa na vihisi vinavyofungwa siku hizi kwenye nguzo majini, vyenye betri ya jua na laini ya simu, vinavyopeleka kimo cha maji kila baada ya dakika chache. Unachorwa na setilaiti. Na mwishowe unachorwa na kijana fulani mbele ya kompyuta, anayeandika programu ya kupokea namba hizo zinapoingia, kuzipanga kwa saa zake, kutupa zile zenye wazimu, na kuziunganisha kuwa mstari unaokujibu ukiugusa.

Tusidanganyike kuwa mashine imemwondoa mtu. Buibui hujenga nyumba kwenye kihisi. Mvuvi hufunga mtumbwi kwenye nguzo. Betri huibwa. Siku hiyo mstari huruka juu kama swala au hulala wima bila kupumua, na programu haijui kama ni gharika au ni buibui. Anayejua ni mtu atakayekwenda pale kutazama. Mchoro unaokwenda na wakati haupiti uaminifu wa yule anayefuta nguzo.

Watu wa Katoro hili wanalielewa bila kusomeshwa. Mji wetu umekua kwa dhahabu na biashara, na kila familia ina mtu aliyewahi kushuka duarani. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayeshuka asubuhi kabla ya kuuliza maji yalifika wapi jana na yamefika wapi leo. Msimamizi mzuri wa duara hufunga vifundo kwenye kamba. Vifundo vile ni grafu. Hakuna anayesubiri kamba isomwe na mtu wa mbali, kwa sababu anayeshuka ni yeye.

Sasa turudi mwaloni. Maji yaliposhuka mwaka 2006, yaliacha ufuko mpana, mweusi, wenye rutuba. Watu wakalima. Wakajenga vichanja, kisha vibanda, kisha nyumba za matofali na vyoo. Walikuwa vijana, mwaka 1964 walikuwa hawajazaliwa. Machoni mwao ile ilikuwa ardhi iliyoachwa. Sheria ya mwaka 2004 ya mazingira ilishasema pasijengwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo uko wapi, wakati ziwa lenyewe limeondoka? Kila mtu alipima kutoka pale alipoyaona maji siku ile.

Mstari ulikuwa unajua. Ulikuwa umepita juu ya vichwa vyao mwaka 1964. Mwezi Mei 2020 ukafika tena kwenye kimo kile kile, na mwaka 2024 ukapita. Kutoka chini kabisa kwa 2006 hadi juu ya 2020 ni zaidi ya mita mbili na nusu za kwenda juu. Kwenye ufuko uliolala kama mkeka, mita mbili na nusu za kwenda juu ni mbali sana kwenda nchi kavu. Nyumba zikaingiliwa, vyoo vikafurika ndani ya maji watu wanayokunywa, mialo ikahama.

Na hapa nina lawama, nayo naanza kujilaumu mimi. Mwaka 2020 mstari ule ulikuwa kwenye intaneti, unapanda mwezi baada ya mwezi, tangu mvua za mwishoni mwa 2019. Haukuwa siri kama mwaka 2005. Aliyetaka kuuona angeuona. Lakini ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, kwa namba za mita juu ya usawa wa bahari, kwa watu wenye kompyuta. Sisi wenye vipaza sauti hatukuusoma kwa watu wa mwaloni. Tulikwenda kuwahoji walipokwisha kuzamiwa. Zamani taifa zima lilisomewa Mtera kila jioni, hata sisi tusiokuwa na taa. Leo tuna mstari ulio bora mara mia, na hatuusomi.

Mama wa dagaa, baada ya kunisikiliza pale kibandani, alimwomba kijana arudishe mstari nyuma mpaka 2006. Akaweka kidole. Kisha akausogeza mpaka 2020, akaweka kidole cha mkono wa pili. Akatazama nafasi iliyo kati ya vidole vyake.

"Kwa hiyo litarudi," akasema.

Nikamwambia mstari hausemi kesho. Yule Mwingereza wa madoa ya jua alidhani unasema, ukamwumbua. Unasema tu maji yamewahi kufika wapi.

"Hiyo inanitosha," akajibu. Akasema ataweka vichanja chini, vya miti, vinavyong'oleka kwa siku moja. Lakini ghala na jiko atajenga juu, nyuma ya pale maji ya 2020 yalipoishia. Kuna mwembe pale, ameuwekea alama. Akalipia simu yake, akafunga kanga, akaondoka kuwahi gari la Chato.

Nami nimeamua jambo langu. Kuanzia juma lijalo, mwisho wa kipindi hiki, nitawasomea kimo cha ziwa. Nitawasomea kilivyo sasa, kilivyokuwa mwezi uliopita, kilivyokuwa mwaka jana siku kama hiyo, na umbali uliobaki kufika alama ya 1964. Kalamu na karatasi viwe karibu. Nikikosea, baiskeli ya yule mzee inajua njia ya kuja kituoni.